Pipa la Maji ya Arobaini

Bora nieleze mwenyewe, maana kila anayelisimulia jambo hili hapa Kitangari anaongeza pipa. Juzi nimesikia sokoni kwamba nilimaliza mapipa matatu. Lilikuwa moja. Na hilo moja lilinitosha kuona aibu ambayo sikuwahi kuiona, wala sikusingiziwa na mtu, nilifanya kwa mkono wangu na kopo langu.

Mke wangu, Mama Neema, alifariki mwishoni mwa kiangazi. Siku chache kabla hajaugua alisia nyanya kwenye kitalu nyuma ya jiko, kitalu chenye upana wa mkeka, akachora mistari kwa kijiti cha muhogo, akatia mbegu, akafukia kwa vidole, halafu akaezeka kivuli cha nyasi juu yake. Mbegu alipewa na dada yake anayeishi Lulindi, ni za nyanya za mama yao, zile ndogo zenye mikunjo, na kwao hawajawahi kununua mbegu nyingine dukani. Kazi ya miche ilikuwa yake. Mimi ni mtu wa mikorosho, unafukia mbegu shambani, mvua inakuja, mmemalizana. (Nyanya inataka kulelewa kama mtoto mchanga, lakini hilo nimelijua baadaye.)

Baada ya mazishi nikawa nakimwagilia kitalu kila asubuhi kwa maji ya kusuuzia vyombo, kama nilivyokuwa nikimwona yeye. Miche ikaota kufuata ile mistari yake. Ikafika urefu wa kidole, ikafika kiganja, ikapita, ikaanza kubanana na kulaliana, na mimi naona kabisa kwamba imepitiliza wakati wa kuhamishwa lakini siing'oi, kwa sababu nikiing'oa na mistari inakwisha. Sikumwambia mtu hivyo. Waliouliza niliwaambia nasubiri mvua.

Siku nne kabla ya arobaini shemeji yangu wa Lulindi akapiga simu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Baba Neema. Poleni na maandalizi. Zile nyanya za mdogo wangu umeshazihamishia bustanini?"

"Nimeshahamisha," nikasema. Halafu, sijui nani alinituma, nikaongeza, "Zimeshashika vizuri."

"Basi nikija nitaziona."

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Ningesema bado, angesema hamisha, yangeisha. Lakini nilishasema zimeshika, kwa hiyo ilibidi zishike kabla ya Jumamosi.

Nikasubiri wingu. Jumatano mvua ilidondoka kidogo ikaacha, Alhamisi jua, Ijumaa asubuhi nikaamka nikaona mbingu imefunga, nikasema ndiyo leo. Nikaing'oa ile miche kama mtu anayeng'oa magugu, udongo ukabaki kitaluni na mizizi ikatoka mitupu, nikaipanda kwenye tuta jirani, miche kama sitini, na saa mbili na nusu nilikuwa nimesimama najisifu. Saa nne wingu likaondoka. Saa sita miche yote ilikuwa imelala chini kama nyuzi zilizomwagika.

Sasa mjue habari ya maji. Bomba lilikuwa halijatoa maji wiki ya pili, kwa hiyo tangu Alhamisi kina mama wa jirani walikuwa wanashuka bondeni kunichotea maji ya shughuli, na aliyewahi kupanda ule mlima na ndoo kichwani anajua ni kazi gani. Waliyamimina kwenye pipa la Mzee Issa, jirani yangu, ambalo aliniazima likawekwa nyuma ya jiko. Ijumaa mchana likajaa. Mama Zuhura, aliyekuwa anawaongoza, akalifunika kwa sinia akasema, "Haya ni ya kupikia kesho. Asiyaguse mtu, hata kuku." Kisha wakaenda kupumzika. Binti yangu Neema alikuwa Newala mjini kununua mchele. Nikabaki mimi, na miche, na pipa.

Nilichota kopo moja. Nasema kweli, nia yangu ilikuwa kopo moja, kwa mche wa mwisho kabisa uliokuwa umepauka. Lakini ukishampa mmoja unaona haya kumnyima wa pembeni yake, nikampa, na wa tatu, nikafika mwisho wa tuta, na nilipogeuka wa kwanza alikuwa ameshakauka tena, jua lilikuwa kali namna hiyo. Nikaanza upya. Nilizunguka hivyo hadi jua linazama, na mara ya mwisho nilipochota, kopo liligonga chini ya pipa. Nikalifunika kwa sinia vizuri kuliko lilivyokuwa limefunikwa mwanzo. Nikapanga kwamba alfajiri nitachukua baiskeli na madumu, nishuke bondeni nilijaze kabla watu hawajafika.

Alfajiri natoka na baiskeli, namkuta Mama Zuhura ameshawasha moto na mafiga yamepangwa.

Akafunua sinia. "Mungu wangu! Maji yamekwenda wapi?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Kwani yamepungua?"

"Yamepungua? Baba Neema, njoo uone, yamebaki ya kunawia paka!"

Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja akasema pipa linavuja, akatumwa mtu dukani kuleta kipande cha sabuni ya kuzibia, na wanaume wanne wakalipindua kutafuta tundu. Walipolipindua, yale kidogo yaliyobaki yakamwagika yote. Tundu halikuonekana. Mzee Issa akaja kulitetea pipa lake kama mtu anayemtetea ndugu yake barazani.

"Pipa langu halijawahi kuvuja. Waulizeni hao wachotaji. Labda ndoo zilikuwa nusu nusu."

"Nusu nusu?" Mama Zuhura akaweka mikono kiunoni. "Mzee Issa, shikamoo yako, lakini itazame shingo hii. Ilikuwa ndefu! Kesho jitwike wewe, halafu uje utuambie habari ya nusu."

Watu wakacheka, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kina mama wakaanza kutazamana, nani alileta ngapi, na mmoja akasema za mwisho alileta Somoe, tena kwa ndoo ndogo. Somoe alikuwa mwari aliyeolewa hapa mwaka ule, mpole, hakuwa na hata miezi sita kijijini. Akasema, "Mimi nilijaza, mama." Akarudia, "Nilijaza," na sauti ikamkatika, akajifuta uso kwa kanga. Na wakati huohuo nikamwona shemeji yangu amesimama pembeni ya jiko na mkoba wake begani, amefika pamoja na mwalimu wa kanisa, na sijui alikuwa anasikiliza tangu lini.

Nikaona nikinyamaza tena, yule binti ataitwa mwizi wa maji maisha yake yote, na hapa kwetu hilo jina ni baya.

"Nimeyamaliza mimi," nikasema.

"Umeyafanyia nini?" Mama Zuhura akauliza. "Umeyanywa?"

"Nimemwagilia nyanya."

Shemeji akashusha mkoba. "Zile zilizoshika?"

"Hazijashika, shemeji. Nimezihamisha jana. Nilikudanganya kwenye simu."

Akaongoza kwenda bustanini, na watu wote wakamfuata, kina mama na miiko mkononi, wanaume wanne wa pipa, Mzee Issa, mwalimu wa kanisa na kanzu yake chini ya kwapa, kundi zima la waombolezaji kwenda kutazama miche sitini iliyolala matopeni. Na katikati ya tuta walikuwa bata wawili wa Mzee Issa, ambao nadhani tangu waanguliwe hawakuwahi kuona tope, wametandaza mabawa, wamefumba macho.

Mama Zuhura akawatazama. "Kwa hiyo mimi nimepanda ule mlima mara sita," akasema taratibu, "ili bata waoge."

Aliyeanza kucheka ni shemeji. Alicheka hadi akashika goti, akifuta machozi, na baada yake hakuna aliyejizuia, hata mwalimu wa kanisa. Mimi nilisimama tu. Tangu msiba hakuna aliyecheka hivyo kwenye ule ua.

Alipotulia, shemeji akachuchumaa, akainua mche mmoja kwa vidole viwili. Akaniambia kilichotakiwa: wiki moja kabla unaupunguzia kivuli uzoee jua, siku yenyewe unalowesha kitalu, unautoa na udongo wake, unahamisha jioni. "Hakukuonyesha?"

"Alikuwa anafanya. Mimi nilikuwa natazama tu."

"Ulikuwa hutazami," akasema, bila ukali.

Kisha akapanga kazi. Kina mama wasishuke tena bondeni, safari hii wanaume na baiskeli, na mimi mbele, na shati langu jeupe la arobaini. Nilimwomba Somoe radhi mbele ya wote, na Mzee Issa naye akaomba, kwa sauti ndogo kidogo. Vijiti vya majani vikachomekwa kutia kivuli kila mche. Ibada ikafanyika watu wakiwa na njaa (mwalimu alifupisha mahubiri, Mungu ambariki), wali ukaiva saa kumi, na kabla ya kula shemeji akatangaza kwamba hakuna atakayenawa mahali pengine ila juu ya tuta, bila sabuni. Wageni wote wakapita mmoja mmoja, wanainama, wanamiminiwa maji mkononi, na maji yanaangukia kwenye nyanya za Mama Neema.

Ilipona miche kumi na tisa. Nyanya za kwanza nilimpelekea Somoe, za pili Mama Zuhura. Akauma moja palepale, akatafuna, akatikisa kichwa. "Ladha hii naijua," akasema. "Hii ni ndoo yangu ya nne." Na hadi leo kina mama wakikutana nami njiani wanaambiana, "Funikeni ndoo, Baba Neema anapita." Ni haki yao.

Mbegu nilikausha. Msimu huu nimesia mwenyewe, kitalu kilekile, kijiti cha muhogo, ingawa mistari yangu imepinda na yake haikupinda. Wiki iliyopita shemeji akapiga simu.

"Umeshahamisha?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Jioni. Nimeshapunguza kivuli."

"Na maji?"

"Nimechota mwenyewe."

Akasema sawa. Jioni ile nikalowesha kitalu, nikautoa mche mmoja mmoja na udongo wake. Na nimejiapia kwamba nikiulizwa tena jambo ambalo sijalifanya, hata liwe dogo kama mche, nitasema bado.