Namba Niliyoichinjia Mbuzi

Jamani, mimi kuna siku niliaibika Makambako, nikaaibika hasa, mpaka leo nikipita pale tulipokuwa tukiegesha malori huwa najifanya naangalia upande wa pili, ingawa wengi walioniona siku ile ama wamehama ama wametangulia mbele ya haki, na wauza chai wa siku hizi hata hawanijui. Aibu yenyewe nilijitafutia mwenyewe, tena nikaiandalia pilau. Naisimulia kwa sababu wajukuu wangu wameshaisikia kwa mama yao ikiwa imetiwa chumvi nyingi, na heri waisikie kwangu mimi niliyekuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa kila mahali, kila aliyejikusanya kidogo ananunua basi au lori lake, na simu za mkononi tunazisikia tu kwamba ziko Dar. Mimi nilikuwa na lori, kuukuu lakini langu, nikipakia viazi na mbao Njombe nikishusha Dar, na pale Makambako wakaniita Kondoa kwa kuwa ndiko nilikotoka (mke wangu yeye alikuwa Mbena wa Mdandu, na mpaka tumezeeka alikuwa akikicheka Kibena changu). Niliipenda sana Makambako ile. Baridi ya asubuhi inakukata masikio, malori yanaunguruma kando ya barabara, unashika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili, unataniana na Mkinga huku, Mpare kule, Mwarabu wa duka la spea anapiga kelele mumwondokee mlangoni, na kila mtu anajulikana kwa lori lake. Siku hizi nani anakujua kwa lori lako.

Sasa mimi nilikuwa nakoroma. Siyo huku kukoroma kwenu, hapana, mimi kuna nyumba ya wageni kule Mafinga waliniomba kwa heshima zote nikalale ndani ya lori ili wageni wengine nao walale. Na mchana nilikuwa nasinzia, nasinzia nikila, nasinzia nikinyolewa, nikajiambia ni uchovu wa safari, mpaka siku niliposinzia kwenye usukani nikitoka Njombe na mzigo wa viazi, lori likaiacha barabara taratibu kama ng'ombe anayekwenda malishoni, likaenda kuzimika katikati ya shamba la bibi mmoja, nalo kumbe shamba la viazi. Yule bibi akasimama na jembe lake, akanisalimia kwanza, kamwene, nikaitika, ndipo akaniuliza kwa upole kama nimeleta viazi au nimekuja kuchukua.

Watu walicheka wiki nzima. Mama Mariamu, mke wangu, hakucheka hata kidogo. Alichukua ufunguo wa lori akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akasema hautoki hapo mpaka nipone, na siku nikipona atanikabidhi mbele za watu, maana ananijua, nikiachiwa tu nitasema nimepona kesho yake. Na dereva asiye na ufunguo ni nani? Ni mtu wa kukaa kwenye benchi la wauza chai na kutoa ushauri.

Akanipeleka mwenyewe hospitali ya misheni upande wa Njombe. Pale alikuwepo daktari mzungu, mgeni, mnene kama nilivyokuwa mimi, naye alikuwa na ugonjwa uleule. Akatueleza kwamba mtu ukilala koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka kidogo uvute hewa, unalala, inakatika tena, basi ni hivyo hivyo mpaka kunakucha unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Alikuwa anarudi kwao, akaniachia mashine yake, kijisanduku kinachopuliza hewa kupitia mpira mrefu mpaka kwenye barakoa ya puani, ile hewa ndiyo inayolizuia koo lisijifunge. Mtu hanijui wala simjui, akanipa kitu alicholalia mwenyewe (nilimwombea dua, na bado namwombea).

Kunifundisha akaachiwa Sista Imelda, muuguzi, mama mmoja mtaratibu wa kuongea. Akanionyesha kitufe cha kubonyeza kila asubuhi ili mashine ikuonyeshe namba tatu. Ya kwanza, saa ulizolala umeivaa. Ya pili, hewa inayovuja pembeni mwa barakoa. Ya tatu, mtaniuliza, ni ya nini? Basi hapo ndipo penyewe, maana Sista alipofika ya tatu mimi nilikuwa nimeshasinzia kwenye kiti. Mama Mariamu alikuwa dirisha la dawa, hakuona. Nikaguswa bega, nikasikia naulizwa, "Baba Mariamu, umeelewa?" Nami nikajibu kwa sauti ya mtu mzima, "Nimeelewa vizuri sana, Sista." Ningesema nilipitiwa, nirudie, mambo yangeishia pale. Lakini dereva mzima nimwambie mtawa kwamba nimelala katikati ya somo, wakati nimepelekwa pale kwa sababu ya kulala? Niliona haya.

Siku za mwanzo, jamani, nilizaliwa upya. Naamka mwepesi, naswali alfajiri bila kusukumwa, nakunywa chai nikiwa nasikia utamu wake. Nabonyeza kitufe, ile namba ya tatu inasema nne. Kesho yake, tatu. Na hapo ndipo udereva wangu uliponiponza. Ninyi mnaojua malori ya breki za upepo mnajua, asubuhi unawasha injini, unakaa, unatazama mshale wa upepo kwenye dashibodi unavyopanda, na ukiwa chini huthubutu kuondoka, utamwua mtu. Sasa hii nayo ni mashine ya upepo, ina namba, na namba iko chini kabisa. Nikajua tu upepo haujajaa. Halafu nikajipigia hesabu ya pili, ya kipuuzi zaidi, kwamba kama kwa nne tu najisikia hivi, ikifika arobaini si nitakimbia mpaka Songea?

Nikaanza kuitafuta namba. Nikabadilisha mto, nikalala chali, nikaja kugundua kwamba nikilegeza mikanda ya barakoa namba inapanda vizuri sana. Nikailegeza. Ikaja kumi na kitu, ikaja ishirini na kitu. Hewa ikawa inatoka pembeni pssss, na mimi moyo kwatu, maana lori lililojaa upepo nalo hupumua hivyo hivyo. Mama Mariamu akaniambia mbona naanza tena kukoroma, nikamwambia ni mashine hiyo. Akasema mbona nasinzia tena mchana, nikamwambia ni dawa inaingia mwilini, mbona mtoto akichomwa sindano ya surua hupata homa kwanza? Naye kwa kuwa hakuwepo chumbani Sista alipoeleza, akawa hana pa kunikamatia.

Kule barabarani ndiyo nikawa habari ya mjini. Chaula, dereva mwenzangu na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, kila asubuhi akiniona tu anauliza, leo ngapi, Kondoa? Nasema thelathini na mbili. Wauza chai wanashangilia, makuli wanashangilia, hata yule Mwarabu wa spea akawa anatoka dukani kusikia namba ya leo. Ilipofika arobaini na moja nikasema basi, mgonjwa amepona, na nikamwambia Mama Mariamu nataka tufanye dua ya shukrani nyumbani, tuchinje mbuzi, tuite watu, na mbele yao anipe ufunguo wangu kama alivyoahidi. Aliligusa kwanza lile pindo la khanga. Kisha akasema sawa, ila na Sista aitwe. Nikasema aitwe, tena nitampa zawadi ya kitenge.

Ijumaa baada ya swala uwanja wetu ulijaa. Shehe wetu yupo, madereva wapo, majirani, wakwe zangu wamekuja kutoka Mdandu na kuku wao, Sista Imelda kakaa na akina mama na chupa ya soda, na kijana mmoja wa mtaani katukodishia kipaza sauti, waya wa umeme umepitishwa dirishani. Mimi nimekaa mbele kabisa pembeni ya Shehe, kanzu mpya, kofia mpya, na usingizi. Nilikuwa na usingizi siku ile ambao sijawahi kuwa nao hata shambani kwa yule bibi.

Shehe akaanza dua, watu wakainua mikono. Namkumbuka anasema Mola mponye mja wako, watu wakaitikia amin. Baada ya hapo sikumbuki, nimehadithiwa. Nimehadithiwa kwamba mikono yangu ilibaki juu vilevile, kama mtu mwenye imani kubwa, kichwa kikalala kifuani, na nikaanza. Shehe anasema mpe afya, watu wanasema amin, mimi nakoroma, na kipaza sauti kiko karibu yangu kuliko kwa Shehe. Mtaa mzima ukawa unapata dua na mkoromo kwa pamoja. Shehe, Mungu amrehemu, alipandisha sauti ili anifunike, na kadiri alivyopandisha ndivyo nami nilivyopandisha. Shemeji yangu mmoja alitoka akajifanya anakwenda kuwaangalia kuku. Mwishoni Chaula akanifinya paja, nikashtuka nikasema amin kwa sauti kubwa kabisa, wakati dua imeshaisha zamani na watu wote wananitazama.

Ningenyamaza hapo, ingekuwa kichekesho cha siku moja. Lakini nikaona ufunguo unaniponyoka, nikasimama, nikasema jamani huo si ugonjwa, hiyo ni dawa inaingia, na ushahidi ninao. Nikaingia ndani nikaibeba mashine mpaka uwanjani, nikaichomeka kwenye ule waya wa umeme, tundu la pembeni ya kipaza sauti, nikabonyeza kitufe, nikamwita Sista Imelda aje mbele. Nikamshikisha kipaza sauti kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Sista, wasomee hiyo ya tatu, wasikie kwa mtaalamu."

Akainama, akatazama. Akatazama tena. Akasoma, arobaini na moja. Madereva wakapiga makofi na miluzi, Chaula akanibeba juujuu, na mimi huko juu nanyosha mkono kwa Mama Mariamu nipewe changu. Sista akasubiri makofi yaishe. Akanisogelea aniambie taratibu, kama mtu anavyomfichia mwenzake aibu, ila kipaza sauti alikuwa bado kakishika kifuani na kilikuwa kinafanya kazi.

"Baba Mariamu, hii ni hesabu ya mara ambazo pumzi yako inakatika kwa kila saa moja. Tunataka ishuke. Haitakiwi ipande."

Nilimsikia yeye, kisha nikamsikia tena kwenye spika iliyofungwa juu ya mti. Chaula akanishusha chini polepole, kama mzigo wa mayai. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, wakacheka wawili, basi ikawa imeisha, walicheka jamani, makuli walilala chini, Mwarabu wa spea alilia machozi akifutia kofia yake, hata Shehe aligeuka akatazama ukutani mabega yakimtikisika. Miezi yote nimekuwa nikiwatangazia watu mara ngapi nakaribia kufa, na wao wananishangilia.

Mama Mariamu hakuwasubiri wamalize kucheka. Akaja mbele, hakushika kipaza sauti wala hakukihitaji, maana watu walinyamaza wenyewe walipomwona uso. Akaniambia, "Hiyo hesabu mimi naijua tangu umenioa. Kila ikikatika nilikuwa nakutikisa uvute. Ulipoleta mashine nikasema sasa nami nitalala." Basi, hayo tu. Akafungua pindo la khanga, akamwita shemeji yake Chaula, akampa yeye ufunguo wa lori langu mbele ya mashahidi wote niliowaalika mimi, akamwambia viazi vinaoza Njombe, aende. Na Chaula (hakuwa na ujanja, ungemkatalia wewe?) alikwenda. Nilibaki uwanjani na kanzu yangu mpya nikilisikiliza lori langu likibadilisha gia kuelekea Njombe na mtu mwingine ndani.

Pilau sikuila. Niliingia ndani nikakaa kitandani, na kilichoniuma hata hakikuwa kicheko. Ni kwamba kwa miaka yote ya ndoa nilikuwa nikimwona mke wangu mtu wa kupiga miayo, anasinzia jikoni, anakasirika upesi, na nilikuwa namtania mbele za watu kwamba Wabena baridi imewazoesha kulala. Kumbe mwanamke huyu alikuwa hajalala. Alikuwa anakaa macho akisikiliza kama bado nipo. Nililia, sioni haya kusema, nililia na wageni wangali uwanjani wanakula.

Kabla hajaondoka, Sista alinifundisha upya, nikiwa nimesimama ili nisisinzie, na Mama Mariamu yupo pembeni. Tukaikaza mikanda. Namba ikashuka, ikawa saba, ikawa nne, ikawa mbili, na madereva wakiniuliza leo ngapi, Kondoa, nawajibu mbili, nao wanapiga makofi vilevile, washenzi wale. Lori nilirudishiwa bila sherehe yoyote, asubuhi moja ya kawaida, na sikusinzia tena njiani mpaka nilipostaafu udereva.

Mama Mariamu ametangulia sasa, na mashine ninayotumia ni nyingine, Mariamu ndiye aliyeninunulia. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni asubuhi moja, siku chache tu baada ya ile dua, niliamka nikakuta jua limeshapita dirishani na mwenzangu bado amelala, mdomo wazi, mkono umeanguka nje ya kitanda, analala kama mtoto. Sikuwahi kumwona hivyo tangu nimemwoa. Nilikaa pale nikamtazama, nikakubali tushinde bila uji kuliko kumwamsha. Na nikajiapia, nami nawaambia ninyi, mtu akinieleza jambo akaniuliza kama nimeelewa, na mimi sijaelewa, namwambia hapana, nilipitiwa, anza upya. Kuna mtu nyumbani atakesha kwa ajili ya haya zangu.