Kilichokuwa Kiunoni mwa Ustadhi

Bora niseme mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa wenyeji wa Mtawanya, ninakofundisha madrasa.

Mwaka jana nilimkata mtoto wa shemeji yangu Mwanahawa hirizi ya shingoni, mbele ya wanafunzi wote. Nikamwambia mama mtu kuwa huo ni ushirikina. Alilia.

Juzi tumbo lilinizidi, nikapelekwa Dar kupigwa CT scan. Wa kunisindikiza akawa huyo huyo Mwanahawa, fundi cherehani, na mkoba wake wa kazi begani.

Dada wa kipimo aliniambia nivue kila chenye chuma, hata kilichofichika, maana chuma huharibu picha. Nikavua saa, pete na mkanda. Cha kiunoni nikakiacha. Nilijipa moyo kwamba ni kitambaa na uzi mweusi tu. Mganga wa Ngarambe aliyenifunga hakunieleza alichoshonea ndani.

Kitanda kikaingia kwenye mashine. Nikabana pumzi nilipoambiwa. Mara dada akatoka chumba cha pili.

"Baba, kiunoni una kitu chenye sindano. Kimeharibu picha, itabidi turudie."

"Labda ni mfupa," nikasema.

Hakucheka. Nikahangaika na fundo mpaka jasho likanitoka, halikufunguka. Akafungua mlango, akauliza watu waliokaa nje:

"Nani kaja na huyu baba? Ana mkasi? Tumkate hirizi."

Mwanahawa akaingia, mkasi mkononi.

"Shemeji," akasema taratibu, "nikate sasa, au tuwasubiri wanafunzi wako?"