Shilingi Niliyoitumbukiza Kwenye Selo

Wanaonifahamu hapa Homa Bay wanajua kwamba mimi si mtu wa kujichekesha mbele za watu, kwa hiyo mkinisikia leo nikiyasema haya kwa kinywa changu mwenyewe, jueni kwamba aibu hii nimeikalia miaka mingi, na ni afadhali mnisikie mimi kuliko kumsikia Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, jirani yangu mzaliwa wa Mfangano, ambaye kila akiisimulia hunizidishia vituko ambavyo sikuvifanya (nilivyovifanya vinatosha).

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1965, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mji. Tarehe naitaja kwa uhakika kwa sababu nilianza kusoma nikiwa mjane wa miaka thelathini na minane, na tangu siku nilipoweza kuiandika tarehe ubaoni kwa mkono wangu, sijakubali hata moja inipotee. Mwaka huo nilikuwa nimehitimu darasa la watu wazima, na Afisa Elimu alikuwa anatafuta mwalimu wa darasa jipya la akina mama. Aliniita ofisini kwake, akavua miwani, akasema: "Mama Truphosa, wanakuja wapiga muziki kutoka Nairobi, okestra nzima. Nimekupanga utoe shukrani kwa Kiswahili mwishoni. Nataka nione unavyosimama mbele ya watu." Nilielewa vizuri: shukrani zikienda sawa, chaki ni yangu, zikiharibika, itakwenda kwa mwingine.

Basi siku ilipofika niliketi safu ya mbele na hotuba yangu mkobani, Bwana DC na mkewe upande mmoja, Min Akinyi upande wa pili. Wapiga muziki walijaa jukwaa, Wazungu, Wahindi na Waafrika, na kiongozi wao alikuwa kijana wa Oyugis aliyesomea muziki ng'ambo, hajafika hata miaka ishirini na mitano, amevaa koti jeusi lenye mkia, ameshika kijiti chembamba. Akainama kidogo, kisha akatugeuzia mgongo.

"Yawa!" Min Akinyi akaninong'oneza. "Mtoto wa watu amekuja nyumbani, halafu anatunyima uso?"

"Ndivyo inavyofanywa," nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma (ingawa na mimi nilikuwa naona jambo hilo kwa mara ya kwanza).

Mbele kabisa aliketi binti mmoja wa Kizungu, Bi Helena, akiwa ameikumbatia selo katikati ya magoti. Kwa asiyeijua, selo ni kama ile orutu yetu, fidla ya uzi mmoja, ila hii ina nyuzi nne na ukubwa wa mtu mzima. "Hiyo orutu inalishwa nini?" Min Akinyi akauliza, nami nikamkanyaga mguu.

Halafu binti akaanza kupiga. Jamani, ile sauti! Ilikuwa nzito, ya chini, inapanda polepole kama mtu anayezungumza na moyo wake, na mara nikamwona marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 3 Machi 1958, jinsi alivyokuwa akisikia orutu hawezi kukaa kitini. Kwetu muziki ukikugusa namna hiyo hunyamazi. Unamsimamisha mpigaji, unampa sarafu, unajisifu na kuwasifu watu wako, ndiyo pakruok hiyo, kisha unamruhusu aendelee. Na mpigaji anayecheza toka mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa hata mara moja hurudi kwao akijua hakupendwa. Nikageuka nyuma. Watu mia na zaidi, wote kimya kama wamefiwa! Nikajiambia, binti huyu atarudi Nairobi akisema watu wa Homa Bay ni wachoyo na hawana masikio. Hapo ndipo nilipoamua, uamuzi mdogo tu, kwamba nitaiokoa wilaya.

Nikainuka, nikapanda zile ngazi tatu, nikanyoosha mkono: "Ngoja hapo!"

Bi Helena akasimamisha upinde wake hewani. Wenye filimbi, ambao hawakuniona, waliendelea kidogo peke yao, kisha mmoja mmoja wakazimika, na mwenye ngoma kubwa kule nyuma, nadhani alikuwa amesinzia, akaamka akaipiga kwa nguvu zake zote. Nikatafuta sahani ya kuwekea sarafu, sikuiona. Nilichoona ni matundu mawili kwenye kifua cha selo, marefu, membamba, sawasawa na tundu la sanduku la sadaka kanisani, nikasema moyoni kwamba Wazungu kweli wamefikiria kila kitu. Nikaitumbukiza shilingi yangu. Ikalia *ko-ko-ko* mpaka chini.

"Mimi ni Truphosa, binti wa Migori!" nikapaza sauti. "Mke wa mwanamume aliyejenga kwa matofali wenzake wakijenga kwa udongo! Mimi niliyeshika kalamu wajukuu wakinicheka!"

"Sema, nyar Migori!" akaitikia Min Akinyi, naye akaanza kufungua fundo la leso yake, na akina mama watatu nyuma yake wakawa tayari wamesimama.

Kijana mwenye kijiti akashuka kwenye kibao alichokuwa amesimamia, jasho likimtiririka. "Mama," akaniambia kwa upole, "umeitia ndani?"

"Si ndiyo mahali pake?"

Hapo ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wanaume wawili wakaishika selo, wakaipindua kichwa chini miguu juu na kuitikisa kama gunia la omena, wale dagaa wetu wa ziwani, huku Bi Helena akiwasihi, "Polepole, tafadhali, polepole!" na Afisa Elimu akiwa ameficha uso kwa mikono yote miwili. Shilingi ilipodondoka, watu walipiga makofi kuliko walivyoupigia muziki wenyewe.

Yule kijana akawageukia watu. "Mama huyu ametupa heshima kubwa kuliko zote za kwetu," akasema, "na mimi mtoto wa Oyugis siwezi kuikataa. Ila muziki huu husifiwa ukiisha. Tutaanza upya."

Nikarudi kitini nikitamani sakafu inimeze. Walipomaliza, nikamwona Afisa Elimu akimwashiria mwalimu mkuu mmoja aje atoe shukrani badala yangu, kisha akaninyooshea mkono niitoe hotuba. Niliishika kwa nguvu.

"Bwana Afisa, mwandiko huu ni wangu, na msomaji ni mimi."

"Mama, kwa yaliyotokea leo..."

"Kwa yaliyotokea leo ndiyo maana nasimama."

Nikapanda tena zile ngazi tatu (mwenye selo akaizungushia mikono, sikumlaumu), nikaomba radhi kwanza, kisha nikasoma ukurasa mzima, nukta na mkato, bila kukwama. Afisa alinifuata mlangoni. "Mwanamke anayeweza kurudi pale juu," akasema, "wanafunzi hawatamtisha. Njoo Jumatatu." Ilikuwa tarehe 16, nami nikafundisha darasa lile miaka tisa.

Nimekwenda kwenye maonyesho mengine tangu siku ile, na nimeapa kutoinuka kabla mwenye kijiti hajatuonyesha uso. Lakini msinielewe vibaya. Zile sifa sizijutii hata neno moja. Ninachojutia ni lile tundu.