Mkono wa Mama Kola

Wifi yangu hataki habari zake zisimuliwe. Nikianza tu, ananitazama kwa lile jicho lake la kuchoka na kuniuliza, "Wifi, kwani huna kazi?" Kazi ninayo, tena imeninyonya mpaka nimebaki mifupa na mdomo. Ila yeye akifika nyumbani hana nguvu hata ya kuvua viatu. Sasa habari zake nisipozisimulia mimi, nani atazisimulia?

Kiwandani anaitwa Mama Kola. Tunashona mashati pale, na shati halishonwi na mtu mmoja. Huyu anaunga mabega, yule anatia vifungo, kitambaa kinasogea meza hadi meza, safu tunayoiita laini, mpaka kinakuwa nguo. Mimi nashona mifuko. Wifi anashona kola, na kola ndiyo inayotesa watu, maana ina ncha mbili, na zikipishana kidogo tu shati zima linaonekana la mlevi. Kazi hiyo ameifanya tangu usichana. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, nikaenda kumwambia kaka yangu, "Kuna msichana pale laini yetu, ametulia, nenda kajaribu bahati yako." Kaka akaenda, bahati ikakubali. Siku hizi kaka akinuna, wifi ananigeuzia kibao: "Mzigo wako huu, njoo uuchukue."

Tatizo lake ni kifundo cha mkono wa kushoto. Mkono huo ndio unaogeuza kola chini ya sindano, kutwa nzima, mwaka hadi mwaka. Jioni kinavimba, hawezi hata kukamua kitambaa cha kudekia. Na pale kwetu mkono ukijulikana ni mbovu, unahamishiwa meza ya nyuzi. Huko kazi ni kukata nyuzi zilizobaki kwenye mashati, mshahara ni wa kutia huruma, na sijamwona hata mmoja aliyetoka meza ile akarudi kwenye cherehani. Wanatoka kwa geti, basi. Wifi alikuwa anaomba kitu kimoja tu: abaki kwenye cherehani mpaka binti yake amalize chuo cha uuguzi. Mtoto alikuwa anaingia mwaka wa mwisho. Baada ya hapo, alisema, hata wakimfukuza kwa fagio atawashukuru.

Kwa hiyo tulikuwa tunamficha. Laini yetu ina adabu yake, haijaandikwa popote. Mkono ukimzidi wifi, anainua kola juu kwenye taa kama anakagua ncha. Halafu anaishusha, anakibana kifundo kwenye ukingo wa meza, anakandamiza kwa nguvu, macho kayafumba. Hapo mimi naangusha mkasi. Mkasi ule ni wa chuma kitupu na sakafu ni ya saruji, ukianguka hata aliye chooni anashtuka. Msimamizi anageuka kwangu na kuanza: "Wewe Mdomo, vidole vyako vimepakwa mafuta?" Nami namjibu, maana jina la Mdomo sikupewa bure. Tunarushiana maneno, watu wanacheka, na akija kugeuka upande wa pili wifi ameshaanza kola nyingine. Na si yeye tu. Mama wa vifungo akikamatwa na mgongo, wa mabega anaangusha. Mimi nikizidiwa na kichwa, ananiangushia wifi. Ncha ya mkasi wangu imeshavunjika kwa kuanguka, na kila nikiomba mwingine msimamizi ananiambia nijifunze kwanza kushika.

Basi akaja mhandisi. Binti mdogo, ana begi mgongoni na adabu zake, alitupigia shikamoo meza moja baada ya nyingine mpaka tukachoka kuitikia. Akatueleza kwamba kiwanda kinaleta mkono wa chuma utakaoshona kola. Lakini hauji ukiwa unajua, lazima kwanza umtazame mtu. Na mtu waliyemchagua ni Mama Kola.

"Mama, wewe shona tu kama kawaida yako," binti alimwambia huku anamfunga kamera kwenye paji la uso na kumvisha glavu nyembamba zenye nyaya. "Usibadilishe chochote."

Msimamizi akapiga makofi. "Sasa wewe ni mwalimu, Mama Kola! Mwalimu hafukuzwi!"

Nilimtazama nikasema moyoni, nyoo, tupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nyumbani tunaishi ua mmoja, chumba changu na chao vinagawana ukuta. Jioni ile nilipoingia kwao nilikuta wifi katumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya moto, na kaka simu iko sikioni. Kaka alikuwa dereva wa malori mpaka macho yalipoanza kufifia. Alikaa muda mrefu hana raha, mtu wa kuuliza kila anayepita, "Gazeti linasemaje leo?" Siku hizi simu inamsomea gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Akaipenda mashine hiyo kuliko anavyonipenda mimi dada yake.

"Huo mkono wa chuma ni jambo jema," akasema. "Utashona, nyie mtapumzika."

"Tutapumzika wapi, kaka? Barabarani?"

"Dada, na wewe! Dunia inakwenda mbele, huwezi kuishika shati."

"Na hao waliokuwa wanalipwa kusoma habari kwa sauti zao, hiyo simu yako imewaacha wapi?"

Akaishusha simu sikioni. "Siwajui hao," akasema. "Ninachojua, nilikuwa nakaa hapa kama gunia, na sasa najua kinachoendelea duniani. Usitake niione hiyo ni mbaya."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Yule aliyekuwa gunia nilimjua, na sitaki arudi.

"Nyamazeni basi," wifi akasema pale kwenye beseni. "Mambo ya dunia siyawezi. Mimi naogopa ile kamera. Itaona mkono."

Siku ya kwanza alijikaza asiukandamize kabisa. Aliuma meno, jasho likamtiririka chini ya ule mkanda wa kamera, mpaka nikahisi kifundo kinaniuma mimi. Mchana ulipogeuka akashindwa. Akainua kola kwenye taa, akaishusha, akakibana kifundo kwenye ukingo. Nikaangusha mkasi, paa! Msimamizi akageuka, akaanza kunibwatukia, nikaanza kumjibu, halafu katikati ya sentensi akili ikanijia. Namdanganya nani? Kamera iko kwenye paji la uso wake. Haigeuki kwa kelele, haipendi ugomvi, haina hata haja ya kucheka. Nilijiona mpumbavu wa kutupwa. Lakini kesho yake alipobana tena, nikaangusha tena, maana ningefanya nini kingine?

Mhandisi akamaliza siku zake za kurekodi, akafungua kamera, akashukuru, akaenda. Tukakaa tukingoja kitu kitupasukie. Hakikupasuka. Hakuna aliyeitwa ofisini. Wifi akaanza hata kutania. Akaniambia, "Inaelekea ile kamera nayo ilisinzia." Mimi nikapumua. Nilianza kuhesabu kwamba mtoto atamaliza chuo chake na mama yake bado yuko kwenye cherehani.

Kisha mkono wenyewe ukaletwa. Wakaufunga kwenye meza ya wifi, yeye wakamsimamisha kando. Siku ya kuuonyesha, meneja alikuja na wageni wenye tai, nasi tukaambiwa tuendelee na kazi tusikodoe macho. Nani asikodoe? Ule mkono ukachukua kola, ukaigeuza, ukaishona. Ncha mbili zimelingana kabisa. Nilikuwa naomba ukosee. Haukukosea, wala kola ya pili, wala iliyofuata. Na ule mzunguko wa kuigeuza ulikuwa wa wifi hasa, hata kule kuivuta kidogo mwishoni na kuitupa kwenye kapu kama mtu aliyechoshwa nayo. Wageni wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

Mkono ukashona, ukashona, halafu ukasimama. Ukainua kola juu kwenye taa. Ukaishusha. Ukajilaza pale ukingoni mwa meza, penye kifundo chake, ukakandamiza, na ukatulia hivyo.

Cherehani za laini nzima zikazima moja moja, maana kila mtu alijua anachokiona. Na mimi, naapa sikuutuma mkono wangu, uliangusha mkasi wenyewe.

Msimamizi akageuka. "Wewe Mdomo, vidole vyako..." Hapo akakwama. Akautazama mkasi sakafuni, akautazama mkono wa chuma, akamtazama wifi. Nikaiona mikasi yote ya miaka yote ikimrudia kichwani, mmoja mmoja.

"Imeharibika?" meneja akauliza.

Binti alikuwa ameinamia kompyuta yake. "Hapana, inafanya ilichojifunza. Nadhani ni hatua fulani ya ukaguzi." Akamgeukia wifi. "Samahani mama, hapa huwa unafanya nini?"

Nilimkazia wifi macho, nikamtikisia kichwa, nikamwonyesha kwa midomo: sema unakagua. Lilikuwa neno moja tu! Hata msimamizi, sasa nikikumbuka, alikuwa anamtazama kama anayemwombea alitamke. Wifi aliniona vizuri sana. Lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali, na hataki tena kuulizwa kama ataibeba hadi mlangoni.

"Hapo mkono unauma," akasema. "Hapo napumzika."

Mgeni mmoja akakohoa. Binti akasema, "Pole, mama," na ilimtoka moyoni, sitamsingizia. Kisha akamgeukia meneja, kafurahi kwamba si hitilafu. "Basi si tatizo. Nitaifuta sehemu hiyo."

Akabofya, akabofya. Chai isingechemka kwa muda huo. Mkono ukainuka pale ukingoni ukaendelea na kola, na haukutazama tena taa, wala haukukaribia tena ukingo. Wifi akaukazia macho kwa muda. Hakuwa na hasira, hasira zote zilikuwa kwangu.

"Mwanangu," akamwuliza binti, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Na huu wangu?"

Binti akautazama ule mkono uliovimba, akarudi kwenye kompyuta yake.

Jumatatu wifi akawa meza ya nyuzi. Msimamizi alimletea habari mwenyewe, anaongea na sakafu. "Ni kwa muda tu, Mama Kola." Muda gani, hakusema. Nikasimama, nikamwambia yote yaliyokuwa tumboni, kwamba mwalimu hafukuzwi, si ndivyo alivyosema? Nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Wifi ndiye aliyenishika nguo akanikalisha.

"Acha, wifi. Nilichoka kujificha, sasa unataka nichoke kugombana?"

Jioni kaka hakuwasha simu isome. Ikalia yenyewe, kumbe ni binti yao kutoka chuoni. Wifi akaipokea, akaweka spika. Alikuwa na habari: wameonyeshwa mashine inayosoma picha za mapafu ya wagonjwa, inaona ugonjwa ambao hata daktari anaupita. Alikuwa na furaha, halafu furaha ikapungua katikati ya maneno yake. "Mama," akauliza, "kwani sisi tutakuwa na kazi?"

Wifi aliubadilisha mkono ulioshika simu. Nilijua hajamwambia mtoto kuhusu meza ya nyuzi, wala ada ya muhula unaokuja itatoka wapi. "Sijui, mwanangu," akasema. "Wewe soma." Kaka akageuza uso wake ukutani.

Meza ya nyuzi iko nyuma kidogo ya laini yetu, nikigeuza shingo namwona. Jana, kama saa tisa hivi, aliweka shati chini. Hakuinua kitu kwenye taa. Alikilaza tu kifundo ukingoni mwa meza, akakandamiza, akafumba macho. Mbele yake ule mkono wa chuma ulikuwa unatupa kola kwenye kapu, kwa ule ule uchovu wa wifi, bila kusimama.

Mimi nilishaushika mkasi, nimeufikisha pembeni mwa meza. Msimamizi akageuka, akamwona wifi, akamwona vizuri kabisa. Akapita zake.

Nikaurudisha mkasi mezani, taratibu, usitoe sauti.