Sauti ya Kampuni Nisiyoijua

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Iringa, nikawa napalilia mahindi kama ambaye hakusoma. Majirani walimwuliza mama yangu shule ilikuwa imenisaidia nini. Siku moja alirudi kutoka sokoni akaniambia kuna mama wa Kihindi mjini anafundisha wasichana kupiga taipu na kupokea simu, na ameshazungumza naye.

Mwalimu yule alikuwa mjane mwembamba. Alifanya kazi ya simu Bombay kabla ya kuolewa na kuletwa Iringa. Taipu zake zilikuwa chache na kuukuu, lakini hakuzijali sana. Alijali midomo yetu. Sisi watoto wa Kihehe na Kibena tulikuwa tukichanganya r na l, naye alisimama nyuma yetu, tusimwone, akajifanya mteja mwenye hasira, tukamjibu mpaka ulimi unyooke. Alitufundisha pia kuomba kazi: usikae kabla hujaambiwa, sema unachokijua bila kubembeleza, kata kucha. Alisema mtu wa upande wa pili wa simu haoni gauni lako. Anasikia sauti tu, na sauti hiyo lazima itulie hata kama nyumba inaungua.

Alitusimulia kwamba kwao Bombay aliwahi kujibu simu za kampuni ambazo hakuwahi kuona hata milango yake. Nilimwuliza kama yeye na wasichana wenzake kule walijua wanamfanyia kazi nani. Alifuta ubao kwanza.

"Waliouliza hawakukaa sana," alisema.

Kuelekea mwisho wa kozi alikuja bwana mmoja kutoka Mbeya kutafuta msichana wa ofisini. Hakuingia darasani. Alisimama barazani, mlango ukiwa umerudishwa, akatusikiliza mmoja mmoja, kisha akamwambia mwalimu kwamba atamchukua yule wa tatu. Nilikuwa mimi. Mama alinishonea gauni la kijivu, na sikumbuki furaha nyingine kama ile.

Miaka ile reli ilikuwa bado inajengwa, na malori ya kwenda Zambia yalipita Mbeya mchana kutwa. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na dirisha lake lilitazama ukuta. Hatukuwa na lori hata moja. Wenye malori walikuwa mbali, nao walimkabidhi bwana wetu kazi ya kujibu simu zao. Kila simu mezani ilikuwa na kampuni yake, na mimi nilibadili jina la kampuni kulingana na simu iliyolia. Nilifanya kazi na dada mmoja wa Kinyakyusa, mtu mzima kuliko mimi. Kwenye kiti nilichopewa palikuwa na sweta ya kike. Nilipomwuliza ni ya nani, aliikunja akaitia kwenye droo yake, akaniambia nikae.

Bwana alinieleza kazi kwa upole. Sisi ni mdomo wao, alisema. Wanachotupa tuseme ndicho tunachosema. Mtu akiulizia lori lililochelewa, jibu ni kwamba liko njiani, mawasiliano yameharibika kwa sababu ya mvua. Ilikuwa kiangazi. Nililisema jibu hilo kwa sauti ile iliyotulia, na watu walinishukuru.

Mmoja wao alikuwa mke wa dereva, mtu wa Nyololo. Alichuma chai Mufindi, na karani wa stoo alimruhusu kutumia simu. Kila alipopiga alinisalimia kwanza kikwetu, "Kamwene," akaniuliza habari za baridi ya Mbeya, ndipo aulize habari za mumewe. Nilimjibu nilivyofundishwa.

Kisha akaja dereva mwingine kuulizia mzigo. Bwana alikuwa ametoka, akakaa kumsubiri, na kwa mazungumzo tu akasema lori la mwenzake bado limelala bondeni Kitonga, limeungua lote. Alitaja jina la aliyekuwa akiliendesha, na lilikuwa la mume wa yule mama wa Nyololo. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema wanakijiji ndio waliomzika, na kwamba bwana wetu anajua, kwani yeye dereva mwenyewe ndiye aliyemwambia.

Bwana aliporudi nilimkabili. Alisema kampuni haijatuletea habari hiyo, kwa hiyo sisi hatuna habari hiyo. Nikasema mtu amekufa na mkewe anasubiri.

Alitabasamu. "Aliyekaa kwenye kiti hicho kabla yako naye alikuwa na moyo mzuri."

Taipu ya yule dada ilinyamaza. Hakuinua macho.

Asubuhi iliyofuata mama wa Nyololo alipiga tena. Mumewe alikuwa ameahidi kuleta mabati, alisema, na nyumba imeshaezuliwa. Yeye na watoto wanalala kwa jirani. Aliuliza awaambie mafundi waendelee kupiga kenchi za paa, au wasubiri. Bwana alikuwa amesimama karibu yangu.

"Mama, nisubiri," nilisema. "Nakuja."

Bwana alikandamiza kitako cha simu, ikakatika. Aliniuliza nakwenda wapi. Nilichukua mkoba wangu nikashuka ngazi, nikaenda moja kwa moja stendi na kupanda basi la Iringa.

Nyololo nilishuka mchana. Haikuwa vigumu kuuliza nyumba isiyo na paa. Mafundi wawili walikuwa juu ya kuta wakigongomea mbao mpya, naye alikuwa chini akiwapikia. Nilimsalimia. Alisimama na mwiko mkononi, akanitazama kabla ya kuitikia.

"Wewe ndiye wa simu," alisema.

Nilimwambia yote niliyoambiwa, bila ile sauti ya kazini. Ilinitoka ikitetemeka kama ya mtoto. Aliuliza wenzangu wamejua tangu lini. Nikasema mimi tangu jana, wao sijui. Hakulia. Aliepua sufuria, akawageukia mafundi.

"Shukeni," aliwaambia. "Hakuna mabati."

Shemeji yake alikwenda Kitonga, akaonyeshwa kaburi, limepangwa mawe vizuri kando ya shamba la mtu. Kutoka huko alikwenda Mbeya. Alikuta ofisi imefungwa, meza zimeondolewa, na mwenye duka la chini hajui waliohama wamekwenda wapi. Polisi walilitafuta jina la kampuni nililowapa, lile nililolitamka kila siku, na hawakupata kampuni ya jina hilo mahali popote. Yule dada wa Kinyakyusa sikumwona tena. Nyumba ya Nyololo iliezekwa kwa nyasi kabla ya mvua. Ndugu walichangia nguvu, nami nilikwenda kufunga nyasi pamoja nao.

Baadaye nilirudi kwa mama, nikapata kazi ya simu katika hospitali ndogo mkoani Iringa. Mtawa aliyenihoji aliuliza niliwahi kufanya kazi wapi, nikamsimulia, naye akanipa kazi siku ile ile. Mwezi wa kwanza, kila jioni nilipotoka, gari la Landrova la kijivu lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya geti. Ndani alikuwamo mwanamume mwenye kofia, ameegemea usukani. Hakushuka, hakuita mtu. Nilidhani anamsubiri mgonjwa.

Siku moja mlinzi alimwendea, akamwuliza anamtaka nani. Gari likawashwa, likaondoka taratibu kuelekea barabara kuu. Mlinzi alirudi akanikuta getini.

"Anakufahamu," aliniambia. "Ameuliza kama bado unaishi kwa mama yako."

Watawa walinipa chumba ndani ya ua, na mama yangu akahamia kwa kaka yake, kijijini Idodi. Gari lile halikuonekana tena. Mpaka naolewa sikutembea peke yangu kwenye barabara ile.