Mtaro Wangu na Njia ya Ng'ombe

Hasira zangu ziko karibu, na ng'ombe walikuwa wa kwanza kuzijua kule bondeni. Nilikuwa nimesimamisha mashine ya kupimia mteremko kwenye miguu yake mitatu, jicho moja nimelifumba, fundi wangu ameshika fimbo ya vipimo mbali kule, mara kundi zima likapita katikati yetu likielekea mtoni. Vumbi likatufunika. Walipokwisha kupita, vigingi vinne nilivyopigilia asubuhi vilikuwa vimelala chini. Niliwatukana ng'ombe wale kwa Kiswahili, nikaongeza kwa Kinamwanga. Mwenye ng'ombe, mwanamume mrefu aliyekuja nyuma yao taratibu, aliviokota vigingi kimoja kimoja akanikabidhi.

"Pole, dada," alisema. "Hawa hawajasoma."

Kwetu ni Chapwa, Tunduma, huku juu ambako asubuhi mtu anavaa sweta na mvua ikianza inakaa. Kazi yangu ni kupanga njia za maji ya mvua. Mtu akitaka kukata viwanja, mimi ndiye ninayesema maji yapite wapi kabla nyumba hazijasimama. Mwaka huo dereva mmoja mstaafu wa malori alikuwa amenunua ardhi chini, bonde la Momba, upande ule mkavu wenye joto la kuchosha, na akaniita. Watu wa huku juu walinicheka. Mtaro wa nini mahali ambapo hata mbuzi wanatafuta maji? Lakini ardhi iliyokaa miezi saba bila tone huwa ngumu kama sakafu ya saruji. Mvua ikishuka haizami, inakimbia, na inakimbia yote kwa mara moja. Hilo nililijua vizuri, tena nimewafundisha wengine. Ndiyo maana yaliyotokea yananiuma mpaka leo.

Ardhi ile iliinama kutoka kwenye kilima kidogo. Juu ya kilima lilikuwa boma la yule mwenye ng'ombe, aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini miaka kadhaa nyuma. Chini, hatua chache nje ya mpaka wa viwanja upande wa mashariki, palikuwa na nyumba ya mama aliyetupikia. Vyumba viwili, tofali za kuchoma, mlango wa chuma wa rangi ya buluu. Mama yule alikaa miaka mingi upande wa Zambia kwa mumewe. Mume alipooa mwingine, alirudi mikono mitupu, akafyatua tofali mwenyewe kwa misimu mitatu. Mlango aliununua Nakonde, ukavushwa mpaka, ukateremshwa bondeni juu ya lori lililokuwa likifuata mpunga.

"Nyumba hii haina jina la mwanamume," aliniambia siku ya kwanza, akiugonga mlango kwa vidole kunionyesha ulivyo mzito.

Tofali zilikuwa imara, ila zilishikwa kwa udongo badala ya saruji, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za kule. Niliona. Nikaandika kwenye daftari langu: nyumba moja, ukuta wa udongo, nje ya mpaka. Nikafunua ukurasa mwingine.

Kila mchana tulikula uani kwake, ugali wa mtama na samaki wa mtoni. Kabla ya kula alitunawisha mmoja mmoja, birika mkono huu, beseni mkono ule. Mafundi wangu wote walikuwa wanaume na wawili walinizidi umri, lakini alianza na mimi siku zote. "Injinia kwanza," alisema, na maji ya vuguvugu yakanipitia vidoleni. Nimefanya kazi na wakubwa wengi walioniita binti. Sikuwahi kumwambia mama yule jinsi neno lake lilivyonishibisha kabla hata ya ugali.

Sasa, ng'ombe wale walikuwa wamepita njia moja miaka yote, kutoka bomani hadi mtoni, katikati kabisa ya ardhi ya viwanja. Kwato zilikuwa zimechimba njia ile ikawa mfereji, na maji ya mvua yaliifuata kwa sababu ndipo palipokuwa chini kuliko kote. Vipimo vyangu vilisema hivyo hivyo. Nikachora mtaro mkuu juu ya njia hiyo hiyo, wa mawe, kingo zimenyooka. Nilijisifu kidogo: ng'ombe walikuwa wameniokolea nusu ya kazi ya kuchimba.

Lakini ng'ombe na mtaro mpya haviwezi kukaa pamoja, wangebomoa kingo kabla saruji haijakauka. Nikapanda bomani kumwomba mwenyewe awahamishe. Nikamwonyesha kwa mkono: washuke upande wa mashariki, wafuate mpaka kwa nje, hadi mtoni. Alikubali bila ubishi. Alikuwa mgeni katika nchi ile na alijichunga asigombane na mtu. Aliuliza jambo moja tu.

"Na maji je, dada?"

"Maji niachie mimi," nilimwambia. "Wewe shughulika na ng'ombe."

Miezi ilipita. Mtaro ukainuka jiwe kwa jiwe, na ng'ombe wakapita mashariki, asubuhi kushuka, jioni kupanda. Nilichokiona mimi ni vumbi lililoingia kwenye ugali, na nililalamika. Mama alikuwa anaona kitu kingine. Siku moja alisimama uani kwake, mwiko mkononi, akitazama kilimani.

"Mwanangu, hii njia inazama," alisema. "Zamani pale juu palikuwa na kama kituta. Nilikuwa nakaa pale kupumzika na kuni zangu. Sikioni tena."

"Mama, mvua ya huku ni ya siku chache," nilimjibu. "Na mtaro ule pale unaweza kumeza mto."

"Ee, bwino," alisema kwa lugha ya ng'ambo, yaani vyema, akarudi kwenye sufuria lake. Aliniamini. Mimi ndiye injinia.

Kituta kile kilikuwa hakizidi goti langu. Kilikaa pale chini ya boma, nje ya bikoni zetu, yale mawe ya mpaka wa viwanja, na mimi nilipima kila kitu kilichokuwa ndani ya bikoni. Hicho ndicho kilichokuwa kikiyasukuma maji ya kilima yaelekee magharibi, kwenye njia ya zamani, ambako sasa mtaro wangu ulikuwa unayasubiri. Kwato za miezi sita zilikilainisha kikawa unga, na upepo ukauchukua unga.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri. Tulijibanza chini ya bati la stoo, nami nikakimbilia mtaroni na mwavuli, nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kumpokea mgeni wake. Maji yaliyokuwa mtaroni hayakunifika kwenye kifundo cha mguu. Nilisimama nikiyatazama yakipita polepole, masafi, nikashindwa kuelewa mvua yote ile imekwenda wapi. Kisha nikasikia kishindo upande wa mashariki, halafu sauti za watu.

Njia mpya ya ng'ombe ilikuwa imegeuka mto mwekundu. Ulishuka moja kwa moja kutoka bomani, ukaupiga ukuta wa mashariki wa mama, ukaulamba udongo kati ya tofali za chini mpaka ukuta mzima ukajilaza. Hakuna aliyeumia. Kitanda kilionekana kutoka nje, na gunia la mpunga, na kalenda ikining'inia ukutani. Mlango wa buluu ulikuwa umesimama, umefungwa na kufuli. Mama alikuwa uani amekumbatia sufuria.

"Chakula kimepona," aliniambia. Aliona ninavyotetemeka, akadhani ni baridi, akanifunika kwa kitenge chake.

Siku tatu zilizofuata ndizo ninazoona aibu kuzisimulia. Majirani walikuja kumpa pole, na kila mmoja alitazama njia ile akasema ni ng'ombe wa yule mhamiaji. Wakasema aitwe kwenye mkutano wa kitongoji, aambiwe atafute mahali pengine. Mwenye ng'ombe alipopita na kumsalimia, mama hakuitika. Nami nilikuwepo. Nikajifanya hamnazo, nikainamia ramani zangu. Mchana mama akaleta birika na beseni kwenye ua ule wenye nyumba isiyo na ukuta. "Injinia kwanza," akasema. Nikanyoosha mikono. Nafsi ilinisuta, lakini nilinawa, na nilikula.

Siku ya tatu, tukiwa ndiyo kwanza tumekaa kula, mwenye ng'ombe alikuja akivuta ndama kwa kamba. Alisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mama, nimekosa," alisema. "Ng'ombe wangu wamekuvunjia nyumba. Naomba upokee huyu."

Nilingoja aseme lililobaki. Nilingoja anitaje, anyooshe hata kidole. Alikuwa na haki. Alisimama tu, ameshika kamba, macho chini, na nikaelewa kwamba hatanitaja, si leo wala mbele ya mkutano.

"Si yeye," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia wapite hapa. Aliniuliza habari ya maji, nikamwambia aniachie. Na wewe uliniambia njia inazama."

Mama akamwambia mwenye ng'ombe, "Ndama mrudishe kwa mama yake." Kisha akainama, akachukua sahani yangu iliyokuwa bado imejaa, akaifunika, akaingia nayo ndani kupitia mlangoni, ingawa ukuta wote wa pembeni ulikuwa wazi. Mafundi waliendelea kula. Tangu siku ile birika liliwekwa chini mbele yangu, nikajinawisha mwenyewe.

Mvua za kule, baada ya ile ya kwanza, hupumzika wiki kadhaa kabla hazijarudi kwa nguvu. Muda wetu ulikuwa huo. Nilimweleza mwenye mradi, yule dereva mstaafu, kila kitu. Alifoka, kisha akatoa saruji ya kuusimamisha ukuta upya na akakubali kuacha ukanda mmoja wa viwanja uwe mapito ya ng'ombe, pembeni mwa mtaro, na sakafu ya mawe mahali pa kuuvukia. Ukuta mafundi waliujenga kwa siku nne. Lakini ukuta mpya usingefaa kitu kama maji yangeendelea kuja. Ilibidi kituta kirudi pale juu, tena kirefu zaidi, na tuta la udongo mlegevu ni sawa na bure. Lazima lishindiliwe tabaka kwa tabaka. Mashine ya kushindilia ilikuwa Tunduma, na barabara ya kuteremkia bondeni ilikuwa imekatika.

Nilipanda bomani kwa mara ya pili, safari hii bila kunyoosha mkono kuonyesha watu wapite wapi. Nilimweleza shida yangu. Alifikiri.

"Kwa hiyo unataka kitu kizito kipite juu yake mara nyingi."

"Ndiyo."

"Ninao themanini," alisema. "Hawajasoma, lakini kukanyaga wanajua."

Basi ndivyo tulivyofanya. Mafundi walimwaga udongo kiganja kimoja kwenda juu, tukaulowesha kwa madumu yaliyoletwa na mkokoteni wa maksai, usiwe tope wala vumbi, kisha yeye akawapitisha ng'ombe wake kwenda na kurudi. Nikapima, nikasema bado, wakarudi tena. Tabaka juu ya tabaka, kwato zile zile. Siku ya mwisho nilipiga sururu juu ya tuta, ikaruka ikaniumiza kiganja. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Mama alikuwa akitutazama kutoka uani kwake kila siku, na hakupanda hata mara moja.

Mvua kubwa ilikuja mchana, wakati wa chakula. Mlima wa upande wa Tunduma ulitoweka kwanza, halafu kilima, halafu mti wa jirani. Wote tuliingia chumbani kwa mama, na mwenye ng'ombe akiwemo kwa kuwa mvua ilimkuta njiani. Bati lilipiga kelele mno. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kiganja amekibandika kwenye ukuta mpya, akisikiliza kwa mkono. Mimi nilisimama mlangoni. Nilitazama njia ya mashariki. Kulikuwa na madimbwi ya mvua ya pale pale, basi. Upande wa magharibi niliusikia mtaro kabla sijauona. Ulikuwa unanguruma, umejaa karibu na ukingo, mwekundu, unakwenda mtoni.

Mvua ilipopungua, mama aliondoa kiganja ukutani akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akainuka, akachukua birika na beseni. Alianza na mwenye ng'ombe, ambaye hakuwahi kula pale.

"Leo ng'ombe kwanza," alisema, na mafundi wakacheka.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono kupokea birika ili nijimiminie, kama nilivyozoea wiki zote zile. Hakunipa.

"Lete mikono, injinia," alisema.

Nikaleta. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nililia mbele ya mafundi wangu wote, na yeye akaendelea kumimina mpaka birika likaisha.