Redio Thelathini kwa Njia Moja

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katika miezi yangu mitatu ya majaribio kwenye kampuni ya malori huko Changamwe, na mama alikwisha kutangaza mtaani kwetu Mtopanga kote kwamba mwanawe ni injinia. Nilikuwa na digrii ya hisabati. Sikumsahihisha.

Malori yalibeba makontena kutoka bandarini, na ofisi ilizungumza na madereva kwa redio, zile za kubonyeza kitufe ndipo useme. Njia ya hewani ilikuwa moja: mmoja akisema, wengine wote hungoja. Redio zilikuwa kumi na mbili. Meneja alitaka ziwe thelathini, akaniuliza kama njia ile ingezibeba.

"Ukikosea," aliniambia kwa upole ulionitia baridi, "redio zitarudi zilikotoka, na wewe pia."

Siku mbili nilikaa na saa ya mkononi nikipima mazungumzo. Ningeweza kuwasikiliza madereva wenyewe, lakini chuo kilinifunza kupima mahali penye utulivu, kwa hiyo nikapima na karani wetu, mtu wa bara aliyesema kama anayeandika telegramu anayoilipia kila neno. "Uko wapi?" "Mikindani." "Haya." Sekunde sita. Nikazidisha, nikagawanya, nikachora jedwali zuri sana. Njia ingetosha na kubaki.

Jumatatu tukagawa redio. Saa moja na nusu dereva mmoja akaingia hewani kutoka Mikindani.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, bwana. Umeamkaje?" akaitikia mwenzake aliyekuwa Miritini.

"Alhamdulillahi. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Na yule mgonjwa wako?"

"Wallahi, leo amekunywa uji."

Wakati huo lori la tatu lilikuwa langoni bandarini likingoja nambari ya kontena, foleni ikirefuka nyuma yake. Nilikuwa na nambari mkononi, kidole juu ya kitufe, sina pa kuingilia. Nilimwombea mgonjwa apone upesi.

Jumanne nikapiga marufuku salamu. Jumatano njia ikawa kimya.

"Gari la saba, uko wapi?"

Nikaita mara tano bila jibu. Adhuhuri dereva wa gari la saba, mzee wa Likoni wa umri wa baba yangu, akaingia ofisini.

"Shikamoo, mzee. Redio imeharibika?"

"Marahaba. Redio ni nzima. Nimekusikia ukiliita gari. Gari halina mdomo, mwanangu. Mimi ninao, na hukuniamkia."

Ijumaa meneja angeketi nyuma yangu kusikiliza. Alhamisi nikachana jedwali langu, nikachora jingine lenye safu ya salamu. Nililigeuza kila upande hadi kichwa kikauma: salamu zikitawanyika siku nzima, redio thelathini zingesongana. Labda zikitangulizwa zote, kabla ya kazi. Labda.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaanza salamu hewani, nikamtanguliza yule wa gari la saba. Wazee kwa shikamoo, rika langu kwa umeamkaje. Niliulizia wake, watoto, magoti. Mgonjwa wa Mikindani alikuwa amekula samaki, na wote wakasikia, wote wakashukuru. Meneja alitazama saa yake mara nne. Nilihesabu.

"Haya yote ni nini?"

"Ni hesabu, bwana," nilisema.

Saa moja kazi ikaanza. "Niko Mikindani." "Niko langoni." "Haya." Hakuna aliyekuwa na salamu ya mwenzake kifuani. Saa nane mchana meneja alitia sahihi barua yangu ya kuajiriwa, akaenda zake.

Namshukuru Mungu alikwenda. Saa kumi na moja jioni madereva wote walibonyeza vitufe kwa pamoja kuniaga, njia ikaziba, na lori la mwisho likabaki langoni bila nambari. Kwaheri sikuwa nimezipigia hesabu.